Ushauri: TV si smati, mzee anataka YouTube sebuleni

MamaSalim_Arua
Wadau, habari za jioni. Naishi na baba yangu, mwanajeshi mstaafu. Macho yamepungua nguvu, na kutwa ameshika simu yangu karibu na pua akitazama mahojiano na muziki wa zamani wa Kongo. Roho inaniuma, maana TV ipo hapohapo ukutani. Ni ya inchi 32, si smati, ina matundu mawili ya HDMI (ya kupokea picha na sauti) na moja limeshikwa na king'amuzi. Intaneti ni hotspoti ya simu. Nina laki mbili za Uganda. Ninunue waya wa kuunganisha simu, stiki ya HDMI, au nijikusanye nichukue TV smati? Na bando litahimili kweli?

FundiTororo
Dada, TV hiyo usiitupe. Chukua stiki. Waya unategemea simu: nyingi za bei ya chini tundu lake linachaji na kuhamisha faili tu, halitoi picha. Utanunua waya na skrini ibaki nyeusi. Stiki inavuta video yenyewe kutoka intaneti, simu yako inabaki huru.

Ila umeme wake chomeka kwenye adapta ya ukutani. Wengi huchomeka kwenye USB ya TV kwa sababu ipo karibu. Tundu hilo kwenye TV nyingi za zamani linatoa nusu ampea, na stiki nyingi zinataka ampea moja. Matokeo yake inazima na kuwaka katikati ya video, halafu watu wanasema ni mbovu.

Kijana_Busia
Mi ningesubiri TV smati. Rimoti moja, kazi imekwisha.

FundiTororo
@Kijana_Busia, programu za TV smati huzeeka kabla ya kioo. Stiki ikichoka unabadilisha stiki tu.

BintiJinja
Dada, mimi naogopa hilo bando kuliko kifaa. Netflix wenyewe wanasema ubora wa kawaida unakula hadi GB 1 kwa saa, HD, yaani picha kali zaidi, hadi GB 3. YouTube nayo ukiiacha ijichagulie, mtandao ukiwa mzuri inapanda juu. Mzee akitazama saa mbili kila siku kwa GB 3, hiyo ni GB 180 kwa mwezi. Kwa GB 1 ni 60. Na tangu Julai 2021, ile ada ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, ya shilingi 200 kwa siku ilipoondolewa, tuna ushuru wa asilimia 12 juu ya data, kwa hiyo kila GB inayopotea umeilipia na kodi.

Video ikianza, ingia kwenye alama ya gia, chagua 480p, yaani picha ya mistari 480. TV nyingi za inchi 32 zina mistari 768 tu, 1080p ni kupoteza data. Kama uso wa anayehojiwa unaonekana vizuri, inatosha.

Halafu zima kucheza kiotomatiki kwenye mipangilio ya YouTube. Wazee wetu husinzia kwenye kochi, video zinafuatana zenyewe hadi bando likauke.

MamaSalim_Arua
Asanteni sana, hapo pa kusinzia ndipo penyewe! Swali: nikienda sokoni na simu, si anabaki bila kitu?

BintiJinja
Ndiyo, hotspoti inaondoka na wewe. Pesa ikipatikana, tafuta MiFi, kile kifaa kidogo cha kusambaza intaneti, yenye laini yake ibaki nyumbani. Kwa sasa, kama kuna simu ya zamani inayokubali laini, iweke pale sebuleni kwenye chaji iwe ndiyo hotspoti.

MjombaBombo
Mpe mzee shikamoo yangu. Mwanangu, kabla hujamkabidhi rimoti, tafuta CEC, yaani mpangilio unaoruhusu TV na stiki kuamrishana kupitia HDMI, kwenye menyu ya TV uiwashe. Kila kampuni inaipa jina lake: Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. Ikiwaka, kwa kawaida akibonyeza rimoti ya stiki TV inahamia huko yenyewe. Kama TV yako haina, bandika kipande cha plasta kwenye kitufe cha Source, kile cha kuhama kutoka king'amuzi kwenda stiki, ili akitambue kwa kidole. Kaa naye jioni moja afanye kwa mkono wake mwenyewe, wewe usiguse rimoti.