Kutoa Noah ya familia kwa makao ya watoto Dodoma: nianzie wapi?

Mkazi wa Ilazo
Habari wakuu. Tuna Toyota Noah ya mwaka 2005, viti 8, injini ya 1AZ, imetembea kilomita 214,000. Tunataka kuitoa bure kwa makao ya watoto yaliyoko wilaya ya Chamwino. Kadi ya gari ina jina la baba, yupo hai na ameridhia. Gari linatembea ila maji ya rejeta yanapungua polepole. Je, nilitengeneze kwanza au nikabidhi lilivyo? Na upande wa TRA (mamlaka ya mapato) mambo yakoje?

Karani Mstaafu
Mkuu, hongereni kwa moyo huo. Anza na karatasi kabla ya spana.

Kwanza hakikisha mnayempa anaweza kupokea kisheria. Omba nakala ya cheti cha usajili wa taasisi, leseni ya makao ya watoto na TIN (namba ya mlipakodi) yenye jina la taasisi yenyewe. Pita ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri uulize kama makao hayo yanatambulika, wanayajua vizuri. Kisha waombe barua ya kukubali zawadi pamoja na muhtasari wa kikao cha bodi.

Msikubali kabisa kadi iandikwe jina la mkurugenzi "kwa muda". Akihama, gari linahama naye. Akifariki, linaingia kwenye mirathi yake na watoto wanabaki wanatembea kwa miguu.

Baada ya hapo baba aende kwa wakili mwandike hati ya zawadi. Iwe na namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, na thamani ya gari hata kama hakuna pesa inayolipwa, kwa sababu ushuru wa stempu unakokotolewa kwa thamani. TRA watataka kadi halisi, hati hiyo, kitambulisho cha NIDA na TIN za pande zote mbili. Mtapewa namba ya malipo ya ada ya kuhamisha umiliki na ya kadi mpya. Kubalianeni mapema nani analipa. Ushauri wangu ni mtoaji alipe, maana makao mengi hayana fungu hilo na kadi hukaa bila kubadilishwa mwaka mzima.

Mambo matatu hukwamisha sana hapa kwetu. La kwanza ni deni: angalia faini za trafiki na ushuru wa maegesho kwa namba ya gari, mlipe yote. La pili, watumishi wengi waliagiza magari kwa msamaha wa kodi. Kama hili ni mojawapo, TRA wanaweza kudai kodi iliyosamehewa kabla halijahama. La tatu, mkopo: kama kadi ina jina la benki pembeni ya jina la baba, mpate kwanza barua ya benki ya kuliachia.

Msitarajie nafuu ya kodi kwa mshahara. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu makato ya michango kwenye mapato ya biashara tu, yasizidi asilimia 2 ya mapato hayo, na taasisi iwe imetambuliwa na TRA kuwa ya hisani.

Fundi wa Kizota
Hayo maji yanayopungua usiyapuuze. Injini za 1AZ za miaka hiyo zina ugonjwa unaojulikana: nyuzi za boliti za silinda hedi, upande wa nyuma, hung'oka kwenye bloku ya aluminiamu. Hedi inalegea kidogo, maji yanatoka mahali usipopaona. Zima gari, lipoe, mulika tochi nyuma ya injini kwenye maungio ya hedi na bloku. Ukiona alama nyeupe au nyekundu ya kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyokauka, ndiyo hiyo.

Kubadilisha gasketi peke yake hakusaidii, boliti hazitashika. Nyuzi zichongwe upya na kuwekewa bushi za chuma, ndipo gasketi mpya na boliti mpya zifungwe kwa spana ya kupima nguvu. Ukimpa mtu gari hili bila kulitengeneza, litachemsha siku limejaa watoto, hedi ipinde, na gharama iwaangukie wao.

Kama alama hizo hazipo, kagua mfuniko wa rejeta, mipira na pampu ya maji. Halafu wakataze kuongeza maji ya bomba au kisima. Maji ya Dodoma yana chumvi, yanajenga ukoko mweupe ndani ya vijibomba vya rejeta mpaka yanaziba. Kulanti nusu, maji ya betri nusu (yale yaliyosafishwa, siyo ya asidi).

Giaboksi: Noah za 2005 nyingi ni CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua. Iwekwe oili ya CVT tu. Ile ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida inaifanya iteleze na hatimaye ife. Waandikie kwenye karatasi, wabandike ndani ya boneti.

Matairi soma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakizidi miaka sita badilisha hata kama kashata (meno ya tairi) bado zipo, jua la huku linapasua pembeni. Mwisho jaribu mikanda ya viti vyote vinane. Ile ya siti ya nyuma mara nyingi imefukiwa chini ya mto.

Mama Buigiri
Naongeza moja. Ulizeni barabara ya kufikia hayo makao ikoje kati ya Desemba na Aprili. Noah iko chini. Ikivuka korongo lenye mawe inapigwa sampo (bakuli la oili chini ya injini), oili inamwagika na injini inakufa kabla dereva hajaona taa. Kama kuna korongo njiani, uzeni gari, muwape fedha kwa akaunti ya taasisi wanunue kinachowafaa.

Kama njia ni nzuri, ulizeni dereva ni nani, ana leseni hai, na mafuta yanatoka wapi. Kwa mizunguko ya mjini hesabuni lita moja kwa kilomita 9 hivi. Na bima yenu haimfuati mmiliki mpya. Wakate yao kwa jina la taasisi siku kadi inapotoka, kabla gari halijabeba mtoto.

Mkazi wa Ilazo
Asanteni sana wakuu. Swali moja: injini iliwahi kubadilishwa miaka ya nyuma, na nadhani kwenye kadi bado kuna namba ya zamani.

Karani Mstaafu
Hiyo imalizeni kwanza kabla ya hati ya zawadi. Tafuta risiti ya injini iliyofungwa, gari likaguliwe, baba aombe TRA wabadilishe taarifa kwenye kadi. Namba zikitofautiana na kadi, ombi la kuhamisha umiliki litarudishwa, na hati ya wakili itabidi iandikwe upya.