Msaada: mradi wa dagaa wa Kigoma, msimamizi kaikataa mada yangu

Binti Kibirizi
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nasoma digrii ya baiolojia, mwaka wa pili ndo unaisha, chuo kikifunguliwa natakiwa nirudi na data za mradi. Kwetu ni Kibirizi, nimekua naanika dagaa mchangani na bibi, basi nikaandika propozo ya athari za mabadiliko ya tabianchi kwa samaki wa Ziwa Tanganyika. Msimamizi kairudisha ina sentensi moja tu ya wino mwekundu, kwamba hii ni kazi ya miaka ishirini na mimi nina wiki sita. Nimelia, ila najua kasema kweli. Boti sina, maabara sina, nina laptop na rula. Wenzangu wananiambia niende Gombe nifanye sokwe. Mtihani namaliza katikati ya Julai, nifanyeje jamani?

Kaka wa Ujiji
Pole mdogo wangu. Gombe acha kwanza, wale sokwe wanafuatiliwa tangu Jane Goodall afike pale Julai 1960, na kibali cha kufanya utafiti hifadhini si kitu cha kukipata wiki mbili. Baki na dagaa wako ila swali lipunguze mpaka lienee kwenye beseni. Kwanza hao unaowaita dagaa wako aina mbili, kuna Stolothrissa tanganicae yule mwembamba, na kuna Limnothrissa miodon ambaye wengi tunamwita lumbu, ana tumbo pana kidogo na anakua mkubwa kuliko mwenzie (huyohuyo lumbu ndo alipelekwa ziwa Kariba 1967 na 1968, kule wanamwita kapenta). Sasa uliza hivi: kwenye kopo moja la Kibirizi wangapi ni hawa na wangapi ni wale, na urefu ukiongezeka uzito unapandaje. Fomula unayo, W = aL^b, chukua logi pande zote mbili utapata mstari ulionyooka na mteremko wake ndo b. Ikiwa karibu na 3 umbo linabaki lilelile, ikizidi 3 samaki anavyorefuka anazidi kunenepa, ikipungua anarefuka bila kunenepa. Excel inatosha kabisa.

Ila angalia tarehe!! Mwaka 2024 upande wetu ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane, kwa hiyo fuatilia tangazo la mwaka huu kabla hujakata tiketi, usije ukakaa mwaloni mwezi mzima unaangalia maji. Na barua ya chuo uipeleke mapema kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi, pale mwaloni.

Mama Dagaa Katonga
Marahaba mwanangu. Mimi hayo mahesabu siyajui ila dagaa nauza. Usije wakati wa mbalamwezi, dagaa anafuata taa, mwezi ukishakuwa mkubwa taa haimvuti na mitumbwi mingi inakaa nchi kavu watu wanashona nyavu. Njoo siku za giza, uwe mwaloni alfajiri mitumbwi ikiingia, ununue kabla hawajamwagwa mchangani maana akishapigwa na jua kidogo tu anajikunja, rula yako utaipitisha wapi. Na usichague mwanangu. Kila mteja mkono wake unakimbilia wakubwa, na wewe utafanya hivyohivyo bila kujijua. Chota kopo, pima wote waliomo.

Fundi maabara
Mama kaeleza kuchukua sampuli vizuri kuliko lekcha nilizokaa mimi. Naongezea mizani, maana hapo ndo niliharibu kazi yangu. Dagaa mmoja ana gramu mbili tatu hivi, mimi nikatumia mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima, wa 1.6 na wa 2.4 wote ikasema 2, grafu yangu ikawa ngazi tupu na muda wa kurudia haukuwepo. Tafuta inayosoma 0.01, masonara wanazo. Mkaushe kwa kitambaa kabla hujampima. Urefu anzia mdomoni mpaka mkia unapoanzia, usifike ncha ya mkia kwa sababu kwenye wavu inakatika sana.

Binti Kibirizi
Asanteni sana, mmenipa usingizi. Nimeandika upya, urefu na uzito wa aina mbili za dagaa mwalo wa Kibirizi, kopo mbili kwa wiki siku za giza, naanza ziwa likifunguliwa, na msimamizi kajibu "endelea". Binamu yangu kaongea na sonara mmoja mjini, kakubali nipime jioni akifunga duka, sharti samaki wasiguse mizani yake, kwa hiyo nitaweka kifuniko cha chupa juu nirudishe sifuri kwanza. Kilichobaki ni kuwatunza tangu alfajiri mpaka jioni bila kukauka, barafu saa hizo sijui naipata wapi.

Mama Dagaa Katonga
Friji ninayo, nitakugandishia barafu. Njoo na chombo chenye mfuniko, na uniambie siku moja kabla.