Likizo ya uzazi: Mmarekani na mama ntilie wetu, nani ana nafuu?

MLETA MADA:
Wadau habarini. Kuna mtu jana kasema haki za wanawake ni shida ya nchi maskini tu, Wamarekani walishamaliza zamani. Nakataa kabisa. Chukua likizo ya uzazi tu. Kwetu Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi siku 84 na mshahara wake, mapacha siku 100, akirudi kazini ana masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayombana mwajiri binafsi amlipe mzazi hata siku moja! Walichonacho ni sheria ya 1993, wiki 12 bila mshahara, na hapo kampuni iwe na wafanyakazi 50 kwenda juu na wewe uwe umeshamaliza mwaka kazini. Majimbo kama California na New York yana utaratibu wao wa kulipa, ila kama jimbo lako halina na kodi ya nyumba inadaiwa, hizo wiki 12 unakula nini?

MCHANGIAJI:
Kaka unaongelea walioajiriwa. Mdogo wangu ni mama ntilie, kajifungua kwa upasuaji na wiki ya 3 yupo kwenye moto, mtoto kalala kwenye boksi chini ya meza, maana wateja wakihama hawarudi na marejesho ya kikoba hayasubiri arobaini iishe. Hizo siku 84 anampa nani? Na dada wa kazi je, mimba ikionekana tu anafungashiwa nguo arudi kwao, wakati naye ni mfanyakazi kama wengine. Usiseme tumewazidi.

MLETA MADA:
Sijasema tumewazidi dada, na pole kwa mdogo wako, hilo la boksi limeniuma. Nachosema Mmarekani anapigania sheria itungwe, sisi tunayo ila inamjua mwenye mwajiri tu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 ni ya wanawake, lakini ule ni mkopo, mzazi wa wiki 2 atarejesha nini? Mi nataka apewe hela ya kukaa na mtoto wake, sio akopeshwe. Sasa wadau semeni, itoke mfuko gani?