Naomba ushauri: mama ana baridi yabisi ya soriasisi

Wakuu, habari za leo. Mama yangu, tunaishi Mbagala, ana soriasisi (ugonjwa wa ngozi unaoleta mabaka yenye magamba) miaka mingi. Sasa umeingia kwenye viungo: vidole vimevimba kama soseji, asubuhi hawezi kukunja ngumi mpaka ipite saa nzima. Anameza methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara moja kwa wiki.

Kinachoniuma: kila kliniki anaulizwa "unaendeleaje?", anajibu "namshukuru Mungu", anaandikiwa dawa zilezile. Hakuna anayemshika viungo kuhesabu vinavyouma na vilivyovimba, wala kupima CRP kwenye damu, kipimo kinachoonyesha kiasi cha uvimbe mwilini. Na mama, mnawajua wazee wetu, mbele ya daktari halalamiki.

Je, nikimwandikia maumivu yake kila wiki, 0 hadi 10, daktari atayazingatia? Na hapa Dar daktari bingwa wa viungo anapatikana wapi? Nisaidieni, anateseka.