Naomba ushauri: kuwaita na kuwawinda koyote nje ya msimu, Texas

Mchunga Mbuzi wa Abilene:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kivu ya Kusini, na kwa miaka sita sasa ninaishi nje kidogo ya Abilene, Texas, ambako mimi na shemeji yangu tumekodi ekari 60 za vichaka vya miiba, jamaa wa mti ule ambao watu wa Baringo wanauita mathenge. Tunafuga mbuzi 43 wa aina ya Boer. Tangu mwisho wa mwezi wa Mei tumepoteza vitoto vinne, viwili kati yake tukikuta mizoga iliyoliwa tumboni, na viwili vimetoweka bila kuacha hata unyoya.

Jirani aliniambia kwamba ni koyote, yule mnyama wa mwituni wa huku anayefanana na bweha, akaniazima spika ya kuitia yenye sauti za wanyama. Nimeitumia mara tano. Naiweka karibu na gari, nafungulia kilio cha sungura kwa sauti ya juu kabisa, nakaa dakika kumi, na mpaka leo walioitikia ni tai weusi na fahali mmoja wa jirani. Nafanya hivyo saa nane mchana kwa sababu usiku niko kazini. Wengine wananiambia nisijisumbue, kwamba huu si msimu na koyote haitikii wakati wa joto. Je, ni kweli? Na kama inawezekana kumwita mwezi wa Juni, nakosea wapi?

Mkenya wa San Angelo:

Pole sana kwa hasara, ndugu yangu. Kabla ya kuzungumzia spika, hakikisha kwanza aliyekula mbuzi wako ni nani, maana ukimwinda asiyehusika utachoka bure huku mwizi akiendelea kula. Ukipata mzoga mwingine ungali mbichi, uchune ngozi ya shingo. Koyote kwa kawaida humkamata mbuzi kooni, nyuma tu ya taya, nawe utaona matundu ya meno na damu iliyovilia chini ya ngozi. Damu ikiwa imevilia, mnyama aling'atwa akiwa hai. Isipokuwepo, huenda alikufa kwa ugonjwa na aliyemla alikuja baadaye. Mbwa wa majirani huuma ovyo, miguu ya nyuma, masikio na ubavu, na mara nyingi hujeruhi wengi bila kula. Nao tai weusi uliowataja usiwadharau, kwa sababu hudonoa macho na ulimi wa kitoto kilichozaliwa sasa hivi. Lakini hao wanalindwa na sheria ya shirikisho na huruhusiwi kuwaua bila kibali.

Jambo la pili ni sheria, na hapa watu wetu huingia matatani. Texas haina msimu uliofungwa kwa koyote. Mwenye ardhi au wakala wake hahitaji leseni ya uwindaji kumuua koyote anayeshambulia mifugo, anayekaribia kuishambulia au aliyeishambulia karibuni. Nje ya hapo unahitaji leseni, na mwaka wa leseni huanza tarehe 1 Septemba na kuisha tarehe 31 Agosti, kwa hiyo utakayoinunua leo itakufaa majuma machache tu. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo anatakiwa pia kuwa na mafunzo ya uwindaji. Soma mkataba wako wa kukodi: mara nyingi huku haki ya kuwinda hukodishwa kwa mtu mwingine, na wewe ukabaki na haki ya malisho peke yake.

Kuhusu bunduki, mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuimiliki, lakini aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo au matembezi, haruhusiwi hata kuishika isipokuwa awe ndani ya vighairi vilivyotajwa, kimojawapo kikiwa leseni halali ya uwindaji. Mimi nilikulia Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na nakiri kwamba mambo haya yote niliyajifunzia ukubwani.

Mama Mtega Sikio, Oklahoma:

Mchunga Mbuzi, hilo la kwamba koyote haitikii wakati wa joto ni maneno ya wauza ngozi. Manyoya ya kiangazi ni mepesi, yananyonyoka na hayana bei. Ngozi nzuri huanza kupatikana mwezi wa Novemba. Hiyo ndiyo maana ya "nje ya msimu". Masikio ya koyote hayana likizo. Kinachobadilika ni sababu ya yeye kuja.

Wakati wa baridi huja kwa njaa, na ndiyo maana kilio cha sungura hufanya kazi. Sasa fuata kalenda yake. Hupandana kati ya Januari na Machi, mimba huchukua karibu siku 63, na watoto huzaliwa Aprili au Mei, mara nyingi wakiwa sita hivi. Mwezi wa Juni watoto wamekwisha kuanza kutoka pangoni, wanaachishwa maziwa, na wazazi wote wawili wanawaletea nyama. Hapo ndipo vitoto vya mbuzi wako vilipoanza kuisha. Chakula cha kiangazi ni tele, panya, sungura, panzi, watoto wa paa, hata matikiti maji ya watu, kwa hiyo kilio cha sungura hakimtikisi sana mzazi aliyeshiba. Kinachomtikisa ni mambo mawili: mgeni anayebweka ndani ya mipaka yake, na mtoto anayelia.

Kwa hiyo anza jioni, bila bunduki. Jua likizama, simama mahali pa juu uigize mlio wa koyote mmoja, kisha nyamaza usikilize. Familia ikijibu, utajua waliko. Asubuhi kagua tope la kingo za bwawa la kunyweshea. Unyayo wa koyote ni mrefu kuliko ulivyo mpana, umebana, na kucha mbili za mbele zimesogeleana, tofauti na wa mbwa uliotanuka.

Saa nane mchana acha kabisa. Hakuna kiumbe mwenye akili anayetembea Texas saa hiyo, na ndiyo maana ulimpata fahali. Ingia kabla ya mapambazuko, liache gari mbali, nyuma ya kilima au kichaka, utembee kwa miguu bila kugonga mlango. Kaa kivulini, mgongo wako ukiegemea mtarakwa, jua likiwa nyuma yako. Spika iweke mbali nawe hatua kama 40, upande unakotoka upepo, kwa sababu koyote atazunguka ili aje na harufu, na unataka mzunguko wake umpitishe mbele yako badala ya nyuma yako. Kosa hili la upepo huwafukuza koyote wengi kuliko kosa lolote la sauti.

Fungua kwa mlio mmoja wa koyote mpweke, subiri dakika tatu au nne. Kisha kilio cha mtoto wa paa, kwa sauti ya chini. Huyu mnyama husikia mbali sana kuliko sisi, na spika inayopiga kelele karibu naye inamshtua. Kilio cha mtoto wa koyote kiweke mwisho. Kaa dakika 20 hadi 30, sio kumi, kwani kwenye majani marefu huja polepole na huenda yuko tayari anakutazama. Mahali palipofunga sana shotigani hufaa kuliko bunduki ya darubini. Popote pale, usifyatue kama nyuma ya mnyama huoni mwinuko wa udongo utakaoipokea risasi. Wewe mwenyewe umesema kuna ng'ombe wa jirani.

Angalia pia unapokanyaga. Miezi hii nyoka mwenye njuga mkiani naye anapenda kivuli hicho hicho.

Mpita Njia wa Iowa:

Naheshimu ujuzi wa Mama Mtega Sikio, lakini kuna jambo limepitwa haraka. Ukimwita mama kwa kilio cha mtoto ukamuua mwezi wa Juni, vile vitoto sita vinabaki pangoni. Je, mnaliona hilo kuwa sawa? Ningesubiri mpaka vuli, watoto wakishaanza kutawanyika.

Mama Mtega Sikio, Oklahoma:

Swali lako ni la haki, na silikwepi. Kama mtu anawinda kwa kujifurahisha tu, nakubaliana nawe kabisa, asubiri vuli. Lakini wazazi wanaolisha ndio hasa wanaoua mifugo wakati huu, na kumwambia mfugaji asubiri hadi Oktoba ni kumwambia ahesabu mizoga. Ninachofanya mimi ni kuchagua: sipigi koyote wa mbali asiye na habari na mbuzi, nafuata jozi inayokaa karibu na zizi lililoshambuliwa. Dume naye hulisha, na watoto wakifika mwezi wa Julai wanaanza kujikamatia panzi na panya. Vikembe wakipatikana pangoni, asiyeweza kulimaliza jambo hilo upesi na bila mateso asilianze. Wala mtu asichukue kikembe kumfuga: Texas inakataza kuwasafirisha koyote hai kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ugonjwa uliosambaa kusini mwa jimbo hilo kuanzia 1988 hata serikali ikalazimika, tangu 1995, kudondosha chambo za chanjo kutoka angani kwa ndege. Aliyeua naye avae glavu.

Mzee wa Simanjiro:

Wanangu, mimi sijawahi kumwona huyo koyote, ila kwa maelezo yenu ni binamu wa bweha wetu, na bweha namfahamu. Mnazungumza habari za bunduki toka asubuhi, lakini hakuna aliyeuliza mbuzi wanalala wapi. Vitoto viwili vimetoweka bila alama. Huku kwetu kitoto cha mbuzi hakilali nje, na baadhi ya maboma siku hizi tumeyazungushia waya wa kufuma uliofungwa kwenye miti hai. Ukiua jozi moja, nyingine itahamia. Mchunga Mbuzi, zizi lako likoje?

Mchunga Mbuzi wa Abilene:

Mzee wangu, shikamoo. Zizi lipo, lakini lilikuwa na pengo la shubiri moja chini ya waya upande wa korongo, na wiki jana nilikuta manyoya yamenasa hapo. Nimelifunga kwa mawe na waya wa chini unaopitisha umeme. Vitoto sasa vinaingizwa ndani jua likizama, na tumenunua mbwa mchanga wa aina ya Great Pyrenees, ingawa nimeambiwa hatafaa kwa ulinzi mpaka apate umri.

Mzoga wa tano ulipatikana Jumanne. Nilichuna shingo kama nilivyoelekezwa, na matundu yalikuwa kooni, damu imevilia. Mwenye ardhi amenipa ruhusa ya kuwinda kwa maandishi. Jumapili nikaingia kabla ya mapambazuko na bunduki ya shemeji, ambaye ana kadi kama mimi, gari nikaliacha nyuma ya kilima. Saa kumi na mbili na robo nilipiga mlio mmoja wa koyote, nikasubiri, nikaweka kilio cha mtoto wa paa. Dakika ya 22, nilipokuwa karibu kuondoka, dume alitokeza upande wa kushoto akizunguka kutafuta upepo, vilevile kama ilivyosemwa. Alisimama hatua kama 80, nyuma yake kukiwa na ukingo wa bwawa. Risasi moja.

Jike sikumwona. Usiku ule alilia karibu na korongo, na sitaficha kwamba sikulala vizuri. Tangu hapo hatujapoteza kitoto. Je, nimfuate kesho kwa sauti zilezile?

Mama Mtega Sikio, Oklahoma:

Hapana. Sauti zilezile sasa anazijua zinamalizikia wapi. Mwache wiki mbili, zizi likiwa limefungwa. Asipogusa mbuzi, muache alee watoto wake. Akirudi, kaa upande wa pili wa korongo, na usiwashe spika kabisa. Tumia filimbi ya mdomo.