Mdogo wangu ana skizofrenia na amekataa vidonge: tufanyeje?

Dada wa Makorora
Assalaam aleykum. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 23, aligunduliwa kuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili, baada ya kipindi kirefu cha kujifungia chumbani, kusikia sauti zinazomtukana na kuamini kwamba majirani wanamtilia sumu kwenye maji. Tulidhani ni jini, tukamnywesha kombe. Hospitalini tulifika baadaye. Vidonge vya risperidoni alivyopewa vilimtuliza, hata akarudi kumsaidia baba dukani. Sasa amenenepa, mikono inamtetemeka, naye amevitupa vidonge akisema amepona. Je, aliyetulia ni lazima aendelee na dawa?

Muuguzi, Chumbageni
Wa aleykum salaam, dada yangu. Kutulia kwake ni kazi ya dawa, wala si ushahidi kwamba maradhi yamekwisha. Hata baada ya kuugua mara ya kwanza, dawa kwa kawaida huendelezwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na wengi wanaoiacha ghafla hurudiwa. Hata hivyo, malalamiko yake ni ya haki. Dawa hizi huzuia dopamini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari, na kwa njia hiyo hiyo hunyamazisha sauti na pia huleta mtetemeko. Mrudisheni kliniki ya afya ya akili pale hospitali ya Bombo, Tanga, aseme mwenyewe kinachomsumbua, ili daktari apunguze dozi au abadilishe dawa. Kama kumeza kila siku kunamchosha, ipo sindano ya flufenazini ya kila baada ya wiki 2 hadi 4, ingawa nayo huweza kukakamaza misuli. Nawasihi, msimtilie dawa kwenye chai kwa siri: mtu ambaye tayari anaogopa sumu, akigundua, hatamwamini tena yeyote kati yenu.

Mjomba wa Pangani
Hilo la chai nalitilia mkazo. Mpwa wangu alilazwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani Korogwe, na aliporudi tulijifunza kutobishana naye juu ya sauti wala kujifanya tunazisikia. Humwambia, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutisha." Dua tunamsomea na dawa anakunywa. Bangi, kama anavuta, aiache kabisa.

Dada wa Makorora
Amekubali kwenda, mradi nimsindikize mimi, si baba. Kuna dawa isiyonenepesha?

Muuguzi, Chumbageni
Zinatofautiana: olanzapini hunenepesha sana, haloperidoli hunenepesha kidogo, lakini hukakamaza zaidi. Mwombeni daktari ampime uzito na sukari siku hiyo hiyo, kabla ya kuchagua.