HiAce ya 1999 yenye milio mitatu nisiyoijua inakotoka: nianzie wapi kutafuta?

Mpishi wa Kongowea

Assalamu alaykum ndugu zangu, na wengine wote nawasalimu. Nina Toyota HiAce ya mwaka 1999, ya dizeli na yenye gia za mkono, ambayo ninaitumia kubebea masufuria, meko na viti ninapokwenda kupika katika harusi na hitima, kuanzia Mtwapa hadi Ukunda, hapa pwani ya Kenya. Injini yake ni nzima na haili oili, lakini kwa miezi minne sasa imejaa milio ambayo nimeshindwa kujua inatoka wapi. Si kero tu inayonisumbua. Wasichana wanaonisaidia kazi huketi nyuma, na sipendi kuwapandisha katika gari ambalo mimi mwenyewe silielewi.

Mlio wa kwanza uko mbele upande wa kushoto: kitu hugonga ko-ko-ko ninapopita polepole juu ya kabro zilizobonyea au mashimo madogo. Wa pili uko nyuma, nao ni kama wa kayamba. Husikika gari likiwa tupu na hupungua sana nikishapakia masufuria. Wa tatu ni kishindo kimoja kizito chini ya sakafu kila ninapoachia klachi ili kuondoka, na tena ninapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, kama vile ninapolipanga gari ndani ya feri pale Likoni.

Gereji ya kwanza ilinibadilishia shokapu zote mbili za mbele, na ya pili ikanibadilishia pedi za breki za mbele na kuniambia kwamba magari ya zamani ndiyo tabia yake. Kugonga kwa mbele hakukukoma, tena nahisi kumezidi tangu pedi zibadilishwe. Sitaki kununua kipuri kingine kwa kubahatisha. Je, upo utaratibu wa kuufuata mlio hadi kwenye chanzo chake kabla ya mtu kutoa pesa?

Dereva Mstaafu, Mikindani

Wa alaykumu s-salaam, dada. Nimeendesha magari ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka 20, na kosa ninaloliona kila siku ni watu kuuliza mlio unatoka wapi kabla ya kuuliza unatoka lini. Sikio hudanganya sana ndani ya gari la bati. Sauti husafiri katika chuma kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, ilhali hewani husafiri takriban mita 340 tu, kwa hiyo kitu kinachogonga karibu na ekseli ya nyuma hupita katika fremu na kutokea mlangoni, nawe ukaapa kwamba kiko mlangoni.

Anza kwa kulitoa gari kila kitu kisicho chake: meko, mikeka, spana, jeki, hata sarafu zilizomo kwenye kijaluba cha dashibodi. Jeki iliyolegea mahali pake imewahi kunisumbua wiki tatu. Kisha mpe mtu unayemwamini usukani, nawe ukae nyuma, halafu sogea kiti kwa kiti huku ukiweka kiganja juu ya bati, juu ya fremu za viti na juu ya mlango wa kuvuta. Kiganja mara nyingi ni hakimu bora kuliko sikio, kwa sababu unachokishika kikinyamaza umeshapata jibu.

Kuna jaribio moja ambalo halikugharimu chochote. Pita juu ya tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele kwa wakati mmoja, kisha urudi upite pembeni mwake ili gurudumu moja tu lipande. Magurudumu yakipanda pamoja, stabilaiza, ile fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia, haina kazi kubwa, kwa hiyo kama kugonga kunasikika tu gurudumu moja linapopanda, washuku linki za stabilaiza na bushi zake, yaani mipira inayoishikilia. Kuhusu bodi, tumia feri yenyewe. Maji yakiwa yamekupwa, mteremko wa kuingilia huwa mkali, na gari likiingia kwa mshazari bodi yake hujipinda kidogo; milio inayosikika hapo tu, huku gari likitembea taratibu, mara nyingi ni ya milango, vioo na viti, wala si ya magurudumu. Andika yote katika daftari: mwendo, gia, mzigo, breki, usukani umekatwa upande gani, na kama injini ilikuwa imepata moto.

Fundi wa Jomvu

Nakubaliana na mzee hapo juu, nami naongeza mambo ya chini ya gari. Dada, kabla ya jaribio lolote, chukua spana ya magurudumu ukazikaze nati zote leo hii, kwa kuwa magurudumu yako yalifunguliwa hivi karibuni na nati iliyolegea hugonga vivyo hivyo unavyoeleza. Pili, mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekwe juu ya stendi imara, na magurudumu yaliyobaki chini yatiwe kabari.

Mlio unaofuata mwendo wa gari unaweza kuhesabiwa. Tairi la 195R14 lina mzingo wa takriban mita 2, kwa hiyo ukienda kilomita 18 kwa saa, ambazo ni mita 5 kwa sekunde, gurudumu huzunguka mara mbili na nusu hivi kila sekunde, na mlio wa namna hiyo unaweza kuuhesabu kwa kidole. Propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli ya nyuma, huzunguka takriban mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, au zaidi ya hapo kutegemea difu, yaani gia za ekseli hiyo, kwa hiyo hitilafu yake gari likiwa mbioni haisikiki kama kugonga bali kama mvumo au mtetemo. Mlio unaofuata mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama, huo hauna uhusiano na magurudumu kabisa; utafute kwenye mauntini, yaani mipira inayoishikilia injini, bomba la moshi na mabati yanayolikinga joto.

Sasa mlio wako wa mbele. Umesema ulizidi baada ya pedi kubadilishwa, na neno hilo ndilo lililonivuta. Rudi kwenye kabro hizo hizo kwa mwendo ule ule, kisha ukanyage breki kidogo tu, kiasi cha pedi kugusa diski bila gari kusimama. Mlio ukinyamaza, pedi zinacheza ndani ya kalipa, yaani kile kishikio kinachozibana kwenye diski. Mara nyingi sababu ni kwamba vile vibati vyembamba vya springi vinavyozishikilia pedi havikurudishwa, au pini za kalipa zimekauka au kulika. Mlio usiponyamaza, tuingie kwenye boljointi, yaani viungo vya duara vinavyolishika gurudumu, na bushi za mikono ya chuma ya mbele, na hapo naomba usisubiri, kwa sababu boljointi iliyokwisha inaweza kuchomoka na gurudumu likalala.

Kishindo cha kuachia klachi kinanielekeza kwenye krosi za propela, yaani viungo vyake vya msalaba. Gari likiwa limezimwa, magurudumu yametiwa kabari na gia iko huru, fundi aishike propela kwa mikono miwili aizungushe mbele na nyuma huku akiitazama kila krosi. Upande mmoja wa krosi ukitangulia na mwingine ukachelewa kuufuata, hata kwa unywele, krosi hiyo imekwisha. Aangalie pia kama kuna vumbi la rangi ya kutu linalotoka kwenye vikombe vyake. Hiyo ni dalili ya bering zilizokauka grisi. Kama propela ni ya vipande viwili, aitikise na bering ya katikati, kwa kuwa mpira wake hupasuka.

Sisi tulio pwani tuna adui mwingine, nayo ni chumvi. Vishikizo vya bomba la moshi, skrubu za mabati ya kukinga joto na reli ya chini ya mlango wa kuvuta huliwa na kutu mapema kuliko magari ya bara. Wapo wanaonyunyizia oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu, nami naomba uache kama unafanya hivyo, kwa sababu oili huuvimbisha na kuulainisha mpira wa bushi. Bushi inayolia, ijaribu kwa maji ya chupa: mlio ukibadilika au kukoma kwa dakika chache, umeipata.

Binti wa Tudor

Dada Mpishi, kuhusu kayamba ya nyuma: tairi la akiba la HiAce ya miaka hiyo huning'inia chini ya sakafu kwa mnyororo. La kwetu lilikuwa limelegea, likawa linacheza juu ya mashimo, na gari likijaa mzigo springi za nyuma hukandamizwa na sakafu ikatulia, ndiyo sababu mlio ulikuwa ukipungua. Lala chini ulisukume kwa mguu, gari likiwa limesimama magurudumu yote chini.

Mpishi wa Kongowea

Nimerudi baada ya siku tisa, na nawashukuru kwa dhati. Niliandika daftari kama nilivyoelekezwa na tukafanya majaribio asubuhi ya Ijumaa, kabla ya magari kuwa mengi.

Nati za magurudumu zilikuwa salama isipokuwa moja ya kushoto, ambayo ilikazika zaidi kwa robo mzunguko. Juu ya kabro nilikanyaga breki kidogo, na ule mlio wa ko-ko-ko ulikatika mara moja, kisha ukarudi nilipoachia. Nililipeleka gari kwa fundi mwingine nikamwomba afungue mbele yangu. Kalipa ya kushoto haikuwa na kibati hata kimoja, na ya kulia ilikuwa nacho kimoja. Pini zilikuwa kavu kabisa. Alizisafisha, akazipaka grisi maalumu ya breki inayostahimili joto, akatia vibati vipya, na mlio huo umekwisha. Inanisikitisha kwamba shokapu mbili zilinunuliwa bure.

Tairi la akiba kweli lilikuwa limelegea. Tulilikaza, na kayamba ikapungua kwa nusu. Nusu iliyobaki tuliifuata kwa viganja hadi kwenye mlango wa kuvuta. Msaidizi wangu alipoubana kwa mkono kuelekea nje, ukanyamaza. Kigurudumu cha chini kimeliwa, na reli yake imetoboka kwa kutu.

Krosi ya nyuma ilikuwa imekwisha, na vumbi la kutu lilikuwepo kama ulivyosema, Fundi. Imebadilishwa na kishindo hakipo tena. Tatizo ni kwamba sasa, ninapofika kilomita 60 hadi 70 kwa saa kwenye barabara ya Dongo Kundu, ninasikia mtetemo mpya sakafuni ambao haukuwepo kabla. Je, tumeharibu kitu?

Fundi wa Jomvu

Hamkuharibu, ila nadhani propela ilirudishwa bila kufuata alama. Kabla ya kuishusha, fundi hupiga mstari wa rangi penye difu na penye kile kiungo cha meno kinachoteleza, ili kila kipande kirudi mahali kilipotoka. Kiungo kikirudishwa hata jino moja pembeni, zile uma mbili zinazoshika krosi katika kipande hicho hazikai tena katika mstari mmoja, na mzunguko unakuwa wa kusitasita. Mwendo mdogo hausikii kitu, ukifika mwendo wako huo sakafu inatetemeka. Mwambie azitazame hizo uma kabla ya kugusa chochote kingine. Kama ziko sawa, aifungue propela penye difu, aigeuze nusu mzunguko na kuifunga tena, kwa kuwa mizani yake huenda ilizoea upande ule wa zamani. Usikubali kununua bering ya katikati mpaka hayo mawili yafanywe.

Dereva Mstaafu, Mikindani

Na kwa siku hizi chache usiendeshe katika mwendo huo unaotetemesha, dada. Mtetemo wa propela huchosha bering ya katikati na sili ya giaboksi ambazo bado ni nzima.

Mpishi wa Kongowea

Fundi wetu alipoingia chini aliona mwenyewe kwamba uma hazikuwa katika mstari, naye kwa uungwana alirekebisha bila kudai malipo ya pili. Jana nilikwenda Miritini na kurudi kwa kilomita 70 kwa saa, gari likiwa tupu, na sakafu ilikuwa imetulia. Kilichobaki ni mlango: kigurudumu nimekipata Mwembe Tayari, na reli itachomelewa wiki ijayo kabla ya kupakwa rangi ya kuzuia kutu, kwa kuwa Jumamosi hii nina harusi Bamburi na siwezi kuliacha gari gereji.

Binti wa Tudor, mnyororo wa tairi la akiba nimeutia pia kitambaa cha mpira mahali unapogusa fremu. Ukiwa na namna bora zaidi ya kuufunga usilegee tena, nitashukuru kuisikia.